Tanzia Ndani ya Shimo la Tata Muamba

Mama Laurentine Mushiya aliingia masomo ya fasihi kwa sababu ya jua. Asubuhi ile alikwenda chuo cha ualimu hapa Kolwezi akiwa na nia ya kusomea biashara, maana ana chumba chake cha kushonea nguo na alitaka kikue. Lakini mstari wa biashara ulikuwa umetoka ofisini, umekata uwanja, umefika mpaka langoni, na uwanja ule hauna kivuli hata cha kuficha kuku. Pembeni, chini ya baraza, kulikuwa na mstari mwingine wa watu wawili tu. Akaenda kusimama pale apumzike. Walipoondoka wale wawili, karani akamuuliza jina, akalitaja. Akamuuliza diploma ya serikali, akaichomoa kwenye pochi. Alipotoka nje alikuwa mwanafunzi wa fasihi ya ulimwengu, kuanzia tenzi za kale mpaka tamthilia.

"Utarudia kesho ubadilishe?" mume wake, Tata Muamba, alimuuliza.

"Hapana. Bale ba biashara beko bengi sana. Huku kwetu professeur atanijua jina."

Alikuwa amepita miaka hamsini. Ile diploma yenyewe aliipata ukubwani, akifanya mtihani wa mwisho wa sekondari katikati ya vijana ambao mashati yao ya shule aliyashona yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa sana. Tulichoshangaa ni jinsi fasihi ilivyoingia kwenye cherehani.

Tenzi za kale alizipenda tangu siku ya kwanza. Mashujaa wale, kabla ya kupigana, kila mmoja anataja baba yake, babu yake, mto wa kwao na sifa zake zote, na adui anasubiri kwa heshima mpaka amalize. Mama Laurentine alicheka kwa furaha. Mama yake mzazi, aliyetoka Kasai akiwa msichana, alikuwa akiimba kasala, yaani kuwasifu watu kwa kuhesabu ukoo wao, na kwenye kilio angeweza kukutajia wazee wako mpaka ukasahau umekuja kumlilia nani. Basi Mama Laurentine akawa anawasimulia wateja hao mashujaa huku akiwapima, pini zikiwa mdomoni. Mteja hakujua kama anachukuliwa vipimo vya nguo au anapelekwa vitani. Mama mmoja alirudi kabla ya siku aliyopewa, si kwa ajili ya nguo, bali kuuliza kama yule mfalme aliliweza lile jitu.

Taabu ilianza mwaka wa pili, walipofika kwenye michezo ya huzuni ya Wagiriki wa kale, ile ambayo wasomi huiita tanzia. Mwalimu wake, Assistant Kabemba, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliwaeleza kwamba katika tanzia mtu mkubwa anaangamia na hakuna wa kumwokoa, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa juu yake. Mama Laurentine akainua mkono.

"Assistant, ule muntu hakuwa na noko? Hata kaka moja ya mama yake?"

"Huenda alikuwa naye, mama. Mchezo hautuambii."

"Basi juu ya nini hawakuita familia? Bakae chini, baseme, kisha muntu aende kulala."

"Wakikaa na kuzungumza, mama, hakuna tanzia."

"Njo vile ninasema!"

Kwenye mtihani, swali lilikuwa: shujaa angeweza kuikwepa hatima yake? Mama Laurentine alijaza kurasa nyingi akipanga kikao cha familia, nani akae wapi, nani aanze kusema, na kinywaji gani kiletwe. Assistant Kabemba akampa maksi za kupita, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umeua tanzia."

Mwaka wa tatu, Assistant aliwaambia darasa zima watunge mchezo wao wenyewe kwa kufuata kanuni za wale wa kale, wauigize mbele ya watu. Wakatunga. Mtawala mmoja anaapa mbele ya watu wake kwamba hatamwoza binti yake mpaka mto ukauke. Mto unakauka. Mtawala anaona haya kwa kiapo chake, anaondoka peke yake kwenda kutafuta maji kwenye chanzo, na anafia njiani. Waliamua waigize kwa Kiswahili, ili watu wa mjini wafuate. Na kwa kuwa hapa kwetu hakuna mtu anayesema "mfalme" isipokuwa padri akisoma Injili, mtawala wao wakamwita "chef".

Zilibaki kazi mbili: mahali pa kufanyia mazoezi, na kundi la wanawake wa kulia, maana tanzia ya kale lazima iwe na kundi linaloimba huzuni ya mji. Mama Laurentine akatoa vyote viwili.

Mahali palikuwa uani kwake. Miaka ile watu wa mtaa wa Kasulo walipokuwa wanachimba cobalt chini ya vyumba vyao, Tata Muamba, karani mstaafu ambaye maisha yake yote alishika kalamu, naye alishika sururu. Alichimba nyuma ya jiko kwa moyo wote. Alitoa udongo mwekundu, kisha udongo mwekundu, kisha mawe ya kawaida kabisa. Mke wake akamwambia afukie. Alifukia, lakini kila msimu wa mvua udongo ulizidi kushuka, hata ikabaki bonde la mviringo kama bakuli, lenye miteremko mizuri ya kukalia. Assistant Kabemba alipoliona alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama! Hili ni théâtre la Kigiriki!"

"Ni shimo ya bwana yangu," alisema Mama Laurentine.

Assistant akashuka mpaka chini, akasema neno moja kwa sauti ya kawaida. Mbwa wa avenue ya pili wakabweka. Sauti ilipanda kutoka kwenye lile bakuli ikasambaa mtaa mzima. Tata Muamba, ambaye kwa miaka alikuwa akichekwa kwa sababu ya shimo lake, alianza tangu siku hiyo kuvaa koti wageni wakija.

Sasa, chef wa mtaa wetu ni Tata Mukalay, mtu wa heshima, mwenye tumbo na mhuri. Wiki moja alipanda pikipiki kwenda Kasaji kumwona kaka yake. Kule mtandao unakuja ukitaka, kwa hiyo simu yake haikupatikana, na mke wake, Mama Abigaëlle, hakuwa na wasiwasi wowote.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana, wanafunzi wakaja kufanya mazoezi ya sehemu ya mwisho. Wale wa kale, Assistant aliwakumbusha, hawakupenda kuonyesha mtu anakufa mbele ya watazamaji. Kifo kinatokea mbali, halafu mjumbe anakuja mbio kukisimulia. Mjumbe alikuwa Blanchard, fundi wa magari, mwenye mapafu ya kusukuma lori. Alikwenda nje mpaka kona ili apate jasho la kweli, akaingia mbio, akashuka shimoni, akapaza sauti:

"Chef alikufa! Chef wetu alikufa! Alianguka mu njia, nilimuona na macho yangu! Hatarudia tena kwake!"

Na Mama Laurentine akalianzisha kundi. Hakulia kama mwanafunzi. Alilia kama mama yake alivyolia, akimwita marehemu kwa majina ya sifa: mwenye kutenganisha wagombanao, mwenye mlango usiofungwa. Wanawake aliowaleta wakaitikia. Lile shimo likabeba kilio na kukimwaga juu ya mabati yetu yote.

Nyuma ya ukuta, Mama Tatiana alikuwa anakaanga samaki. Alisikia "chef". Alisikia "alianguka mu njia". Akaacha samaki motoni, akatoka akikimbia na mwiko mkononi.

Labda mambo yangeishia hapo, kama Assistant Kabemba angeridhika. Hakuridhika. "Tena," alisema, "na huzuni iwe ya kweli." Blanchard akarudi konani, akaja mbio tena. Watu waliokuwa hawajasikia mara ya kwanza walisikia mara ya pili, na waliokuwa na mashaka yakawaishia. Kila mara Assistant alipokosoa, nyumba nyingine ilifunga mlango na kwenda kwa chef.

Kwa Tata Mukalay palikuwa tayari pamejaa. "Nilimukatalia kupanda ile pikipiki!" Mama Abigaëlle alikuwa anapiga kelele, amekaa chini, amezungukwa na wamama wa parokia. Bâche, lile turubai la kilio, ilifungwa, viti vya plastiki vikaja, masufuria ya bukari, ugali wetu, yakawekwa motoni. Wazee wakaanza kusema mema ya marehemu. Yalisemwa mema mengi kuliko aliyoyafanya. Naye Modeste, msaidizi wake, alikuwa ameuomba mhuri kwa sauti ya chini, "usipotee mu hii huzuni", na alikuwa ameshautia mfukoni.

Basi ndipo pikipiki ikasimama mlangoni. Tata Mukalay akashuka, vumbi kichwani, kuku wawili wakining'inia mkononi. Akaiona bâche. Akavua kofia kwa heshima, akamsogelea mtu aliyekuwa karibu, akamnong'oneza:

"Ni kilio ya nani?"

Yule mtu akamtazama.

"Ni yako, tata."

Tata Mukalay akakalia kiti cha kilio chake mwenyewe. Kuku wakaponyoka. Wamama wengine wakakimbia, wengine wakaanza kusali. Mama Abigaëlle akaja, akamshika mashavu, akamshika masikio, kisha akampiga begani kwa nguvu zake zote. "Ulikuwa wapi?" alimuuliza, akilia upya. Halafu akamkumbatia, na hapo hata wazee walipangusa macho.

Chef alipopata pumzi, aliuliza neno moja tu: "Nani alileta ile habari?" Vidole vikaelekea kwa Mama Tatiana. Mwiko wa Mama Tatiana ukaelekea kwa Mama Laurentine. Msafara wote ukaondoka.

Assistant Kabemba aliona watu wakimiminika na kujipanga kwenye kingo za shimo. Aliamini wamekuja kutazama mchezo. Moyo wake ukajaa. Akampa Blanchard ishara, na Blanchard, ambaye alikuwa konani na hakujua kitu, akapenya katikati ya umati mbio, akashuka, akanguruma:

"Chef alikufa!"

"Nani?" akauliza Tata Mukalay kutoka juu.

Blanchard akamtazama Assistant. Assistant akatazama karatasi yake. Mama Laurentine ndiye aliyepanda mteremko, akapiga magoti kidogo mbele ya chef kama inavyotakiwa.

"Tata, haiko weye. Ni chef wa zamani."

"Wa zamani gani? Mbele yangu kulikuwa Tata Kyungu, na ule pale, eko anakula karanga!"

Mzee Kyungu akainua mkono kuthibitisha.

"Wa zamani sana, tata. Mbele ya Yesu. Ni mambo ya masomo."

"Na juu ya nini hamukumuonyesha anakufa? Bantu bangeona sura yake, bangejua haiko mimi!"

Hapo Assistant akapata nguvu. "Tata chef, wazee wa kale walikataza. Kifo kinasimuliwa tu, hakionyeshwi."

"Basi bale bazee ba kale bataniua kila siku ya posho?"

Mtu mmoja akacheka, halafu kumi, halafu shimo lote. Tata Mukalay alijaribu kubaki na hasira, lakini tumbo lake lilimsaliti, likaanza kutikisika. Alipomaliza kucheka alijifuta macho, akamgeukia Mama Laurentine.

"Ile mama aliniita mwenye mlango haufungwe, ni nani?"

"Ni mimi, tata. Lakini nilikuwa ninasema kwa ule mwingine."

"Sema tena," alisema chef, akatafuta mahali pa kukaa. "Polepole."

Akaimba. Chef akasikiliza mpaka mwisho, amefumba macho. Kisha akasema bukari ya kilio iko motoni na hairudi kuwa unga, kwa hiyo wote waende wakale. Tukala, wanafunzi na waombolezaji pamoja. Wazee walikuwa na haya kidogo, maana chef aliwaomba mmoja mmoja warudie yale mema waliyoyasema. Modeste alirudisha mhuri kabla hajaulizwa. Samaki wa Mama Tatiana waliungua wote, na jambo hilo bado analitaja.

Tangu hapo Tata Mukalay hakukosa mazoezi. Alikuja na kiti chake, akakaa ukingoni kuhakikisha hafi tena. Sharti lake lilikuwa moja, yule mtawala aitwe "roi", yaani mfalme kwa Kifaransa, kwa sababu roi hapa kwetu hakuna. Likakubaliwa. Lakini hakuweza kunyamaza. Kila mtawala alipokuwa anaapa, yeye alipinga kwamba mkubwa haapi namna ile bila kuwauliza wazee wake. Assistant Kabemba alianza kumweleza habari ya hatima, akachoka, akaacha.

Siku ya onyesho tulikuja wote. Walimu wa chuo walikaa kwenye viti vya parokia, sisi kwenye udongo mwekundu, Tata Muamba na koti lake mlangoni akiwapokea watu. Mchezo ulikwenda vizuri mpaka mjumbe alipoingia mbio na kutangaza kwamba roi amefariki. Mtaa mzima ukamjibu kwa sauti moja kwamba ni uongo:

"Bongo!"

Blanchard alisimama pale mdomo wazi, jasho likimtiririka. Aliapa, si kwa maneno ya mchezo, kwamba safari hii ni kweli. Watu wakadai ushahidi. Ikabidi Mama Laurentine atoke katika kundi lake, aje mbele, aanze kulia kabla ya wakati wake. Alimlilia mfalme yule ambaye hakuwahi kuwepo, akampa baba, akampa babu, akampa mto uliokauka. Kelele zikapungua. Niliwaona wamama wakivuta kitenge kufuta macho, na Assistant Kabemba, ambaye kila sentensi ya mchezo aliijua, akageukia ukuta.

Walimu walimpa Mama Laurentine maksi nzuri sana. Leo anafundisha Kifaransa na tamthilia katika sekondari moja huko Tenke, anakwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa, na cherehani zinasimamiwa na mafundi wake. Wiki iliyopita nilikwenda kupima blauzi, nikamkuta nyumbani kwa likizo. Alinizungushia futi kifuani, akatia pini mdomoni, akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za bibi mmoja wa kale aliyemwekea mume wake kisasi miaka yote ya vita. Nilimwambia sijasikia. Blauzi imetoka kubwa mabegani, lakini habari ile bado sijaimaliza, na kesho nitarudi.