Upinde wa Mvua Upande wa Kulia

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Hebu sogeza kiti, na usinitazame kwa jicho la "mama mkubwa ameanza tena." Jana umeniambia umeona kitu usichokipenda kwenye kioo mnachokibuni kazini kwenu, ukanyamaza kwa kuogopa wenzako watakucheka. Ulinieleza huku unacheka. Mimi sikucheka, na usingizi sikuupata vizuri.

Nilikuwa bado kijana, mvi hata moja sina, nimeajiriwa kwenye kampuni ndogo hapa hapa mtaani kwetu Auderghem. Tulikuwa tunatengeneza miwani inayoonyesha maandishi mbele ya macho huku mtu akiendelea kuona watu na barabara kama kawaida. Kioo chenyewe unakijua, ni chembamba tu. Picha inaingilia pembeni, karibu na sikio, kupitia mifereji midogo ambayo jicho haliioni. Inadunda ndani ya kioo, huku na huku, mpaka ikutane na mifereji mingine inayoitoa kuelekea kwenye jicho. Tabu yake ni kwamba kioo hakipokei kila pembe. Mwanga ukija wima mno unapenya na kupotea, ukilala mno haulifikii jicho ipasavyo. Kwa hiyo tulichokuwa tunaona kilikuwa kidogo, kama mtu anayechungulia uani kwa kidirisha cha choo.

Mimi nilitaka upana, na sababu yangu ilikuwa mama yako. Homa ilimchukulia masikio angali mdogo, unajua. Nilitaka mtu akizungumza, maneno yake yatokee pembeni ya uso wake, mdogo wangu aone midomo na maandishi kwa pamoja, asiinamie tena simu kusoma kila anaposemeshwa. Basi nikaigawa picha: nusu ya kushoto ipite njia yake, nusu ya kulia njia yake, zikutane mbele ya jicho. Ilibidi mifereji itandazwe karibu kioo kizima. Ikakubali! Wenzangu walipiga makofi, nami nikapiga vigelegele mle maabara, Wabelgiji wakabaki wameduwaa.

Ila kazi yetu ina desturi moja. Vipimo vyote tunavichukua gizani: pazia jeusi limeshushwa, taa zimezimwa, hata kioo cha simu unakifunika. Mchana mmoja nilinyanyua pazia kutafuta kalamu iliyoanguka, miwani bado usoni. Jua la baridi lilikuwa limeinama nje ya dirisha. Ghafla upande wa kulia ukajaa rangi, nyekundu, kijani, zambarau, upinde wa mvua mzima, na mlango uliokuwa pale sikuuona. Nikashusha pazia haraka, rangi zikaondoka. Kalamu nikaiacha pale pale chini.

Nilimweleza kiongozi wetu wa kazi. Akaniambia hilo ni jua la nje, halimo kwenye masharti ya kipimo, na wageni kutoka kule Schuman, kwenye ofisi za wakubwa wa Ulaya, wanakuja wiki ile kutazama maonyesho. Mama yako ndiye angeivaa mbele yao. Angetoka mlangoni, avuke njia ya tramu, zile treni za barabarani, atembee mpaka ng'ambo huku maneno yetu yakimfikia kwenye miwani. Watu wote walikuwa na furaha. Mimi tu nilikuwa na woga, na nikijiuliza naogopa nini najijibu, ah, ni uchovu tu.

Ndipo nikaenda kwa Papa Kasongo. Huyu alikuwa mwalimu wangu chuoni, mtu wa Lubumbashi, amestaafu, mkali kama pilipili. Nilitaka anitulize. Nilimpeleka hesabu zangu zote, nikamsimulia na ile habari ya pazia, akazisoma, akavua miwani yake.

"Bon. Hesabu ni ya muzuri. Alors, unaogopa nini?"

Nikamwambia sijui, pengine ni mambo ya neva.

"Mutoto, usinidanganye! Ulifungula pazia, uliona, na tumbo yako ikakwambia. Donc, nani atavaa?"

"Mdogo wangu, Papa. Hasikii."

Alizikunja karatasi zangu, akanirudishia. Kisha akasema polepole, "Ile woga ukiificha, haiishe. Inaenda kukaa kwa muntu mwingine, mwenye haijue kitu. Utaivaa wewe kwanza. Ku ile njia yenyewe, saa ile yenyewe, masikio umeziba."

Weee! Nikamwambia nitaingia matatani kutoa miwani nje bila ruhusa, naye akaniuliza kama nadhani tramu inasoma ruhusa.

Tukaenda. Nikaziba masikio, nikavaa miwani, mwenzangu mmoja ofisini akawa ananitumia maneno. Papa Kasongo akanishika mkanda wa koti kwa nyuma. Nilikuwa najua, mwanangu, nimeonywa, na mimi ndiye niliyekichora kile kioo! Nikatazama kushoto, salama. Nikatazama kulia, jua likagonga kioo, rangi zikafumuka zikafunika upande wote. Lakini rangi zile hazikunitisha kama nilivyotarajia, maana zilikuwa nzuri, na nyuma yake nikaona kama barabara tupu. Nikanyanyua mguu.

Nilivutwa nikaanguka kwa makalio. Upepo ukanipiga usoni, halafu nikauona ubavu wa tramu ukipita pale pale nilipotaka kukanyaga, madirisha na nyuso za watu. Kengele sikuisikia. Papa Kasongo alikuwa anapiga kelele, naona mdomo wake tu. Mungu wangu, mwanangu, nililia pale chini mbele za watu, na kilichokuwa kinaniliza si tramu. Nilikuwa namuona mama yako, amevaa gauni lake la bluu, anatabasamu, ananyanyua mguu.

Siku ile ile nikamwambia kiongozi wetu kwamba mdogo wangu Zawadi hatavaa. Sauti ilikuwa inakatika. Akafoka, akasema wageni wameshaalikwa, akanikumbusha mkataba wangu unaelekea mwisho. Nikamnyooshea miwani, nikamwambia njia ya tramu iko pale nje, atangulie yeye. Aliishika, akaitazama, hakuivaa. Maonyesho yakafanyika ndani, mapazia yameshushwa.

Kazi ilikuwa kwa mama yako. Alikuwa amenuna, amekwisha piga pasi lile gauni. Nikajaribu kumweleza kwa mikono, akafumba macho. Kiziwi akikufumbia macho, huna pengine pa kupitia. Nikasubiri jua liiname, nikamgusa bega, nikamweka dirishani na kumvisha miwani. Alitazama nje. Akageuza kichwa, akarudisha, akageuza tena. Akaivua taratibu, akaishika kama kitu cha moto.

Halafu akaniambia kwa mikono yake: baada ya maonyesho nilipanga niende nayo shuleni kumchukua mwanangu. Njiani huwa namshika kwa mkono wangu wa kulia.

Mtoto huyo ni wewe.

Kwa hiyo nisikilize. Woga mwingine ni kelele tu, sikatai, na ukiutoa nje mwangani utauona ni kelele, utacheka, utalala. Lakini huwezi kuujua ukiwa umekaa nao gizani. Uulize umeona nini. Kisha ivae wewe mwenyewe kazi yako, mahali itakapovaliwa, kabla hujamvisha mtu anayekuamini. Wakucheke wakitaka. Sisi tulipunguza upana, tukabadilisha mifereji, ikatuchukua miaka, na wapo waliotuita waoga. Niite mwoga, mwanangu, nitaitika.

Jumatatu useme. Sauti ikikatika, sema hivyo hivyo. Mungu akupe ulimi, akupe na wa kukushika mkanda wa koti. Akutunzie macho yako, na awatunze wote watakaotazama dunia kupitia kazi ya mikono yako, upande wa kushoto, na upande wa kulia. Amina. Sasa nenda kamsalimie mama yako, simama mbele yake akuone.