Kumi ya Binti Yangu

Mke wangu alikuwa na homa, kwa hiyo siku ya chanjo ya surua nilimbeba mwenyewe binti yetu wa miezi tisa. Kwenye mabenchi ya kituo cha afya nilikuwa baba peke yangu.

"Papa, umekuja kupimisha mutoto ao kumuuzisha?" mama mmoja akanichokoza. Nauza viatu vya mitumba sokoni. Inaonekana sura yangu husema hivyo kabla sijafungua mdomo.

Muuguzi alimvalisha mtoto kaptula ya kitambaa ya kupimia, akamning'iniza kwenye mizani, kisha akatia nukta kwenye kadi. "Iko kwenye persantili ya kumi."

Kwetu mtoto akirudi shuleni na kumi kwa mia, siku hiyo redio haiwashwi. Tena mama mkwe alishasema kwamba maziwa ya mke wangu ni maji matupu. Asubuhi ile mke wangu, akitetemeka chini ya kitenge, aliniambia: "Wakisema iko mudogo, leo ntamuachisha titi." Jibu hilo ndilo nililotumwa kulileta.

Nikafanya ninachokijua. "Mama, ongeza basi. Fanya makumi mbili. Hata matabishi kidogo, ile nyongeza ya bure ya muuza unga."

Mabenchi yakacheka.

"Papa, haiko pointi ya masomo," akasema muuguzi. "Ni nafasi yake kwenye mustari. Wasichana mia wa umri wake, tunawapanga toka mwepesi mpaka muzito. Kumi ni wepesi kumupita yeye. Basi, hakuna mwenye alianguka."

"Nani aliwahesabu?"

"Hesabu wewe. Leo wote ni wa miezi tisa."

Nikapita benchi kwa benchi, nikiuliza uzito kama mtu aulizaye bei. Wasichana ishirini, wawili walikuwa wepesi kuliko wangu. Nikarudia kuhesabu, maana ndivyo nilivyo. Wawili gawa kwa ishirini, zidisha mia: kumi.

"Imetokea tu kwa bahati," akasema muuguzi. "Kadi imetokana na watoto wengi kuliko hawa. Benchi ingeweza kukupa tano, ao kumi na tano."

Kisha akanionyesha nukta za miezi iliyopita, zote zikipanda kando ya mstari uleule wa chini. "Angeacha mustari yake akashuka, hapo ningesumbuka. Huyu anapanda. Mama yake anamulisha muzuri. Mwambie vile."

Nyumbani nilimwonyesha mke wangu nukta moja moja kwa kidole. Alizitazama, akazirudia, halafu akanyoosha mikono. "Lete mutoto."

Mama mkwe akaingia na kopo la maziwa ya unga. Mke wangu akashukuru kwa heshima zote, na mtoto hakumwondoa kifuani. Kopo tulilifungua mimi na mama mkwe. Tukatia kwenye chai, tukanywa, tukimsikiliza mtoto akimeza.