Sindano na Mpira Mweupe

Mdogo wangu wanamwita Sindano. Watu wanadhani ni kwa sababu ya cherehani, lakini jina hilo alilipata akiwa na miaka saba, kabla hajashika uzi, kwa vile alivyokuwa mwembamba. Nilimlea mimi. Mama alipotutoka nilikuwa na miaka kumi na mbili, shule nimeionja tu, nikaiacha nikashika mwiko. Kwa hiyo mtu akimchezea Sindano amenichezea mimi, na hilo nalisema mapema.

Ni fundi wa suti. Ana miaka sitini na moja, mkewe alishatangulia, na duka lake upana wake ni mlango na nusu. Ukimpelekea kitambaa hakitazami. Anafumba macho, anakipitishia kiganja mara moja kwenda, mara moja kurudi, kisha anakuambia kikatwe kuelekea wapi. Anasema mahameli ikikatwa kinyume, mkono mmoja wa koti utakuwa mweusi na mwingine kijivu, na mteja atadhani umemwibia.

Snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo, aliipata kupitia kwangu. Nafanya usafi klabu ya wafanyakazi, huu mwaka wa kumi na tisa, na kazi yangu kubwa kuliko kufagia ni ile meza. Meza ya snuka haifutwi kama meza ya kulia. Imevikwa kitambaa cha kijani chenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Kila asubuhi unakipiga brashi, kisha pasi ya uvuguvugu, kutoka kichwani mwa meza kwenda miguuni. Hurudishi pasi nyuma hata kidogo. Mimi huanzia dirishani. Mzee aliyenifundisha aliniambia, "Dirisha mgongoni, pasi mbele," na tangu siku hiyo sikumuuliza mtu mwingine.

Sindano alikuja pale kupima mapazia, akaona watu wanacheza, fimbo ikamkaa mkononi. Miaka kumi na moja sasa. Na miaka yote hiyo ni mchezaji wa akiba. Timu ina watu wanne, yeye ni wa tano, kazi yake kubeba chaki ya kupaka fimbo na kupiga makofi. Vizibao vya timu anavishona yeye, vinne kila mwaka. Cha kwake hajawahi kukishona.

Mwaka huu mmoja wa wale wanne alihama mji. Katibu wa klabu, mama mmoja wa haraka haraka, akatangaza kwamba Sindano atacheza na Mwalimu wa hesabu, na mshindi ndiye ataingia timu. Sindano akaja kwangu akakaa.

"Dada, safari hii nikikosa, fimbo naitundika. Macho yananiaga."

Hakuwa anatania. Huyu mtu kutania hajui.

Ndipo akatokea Kocha. Sikumpenda tangu mlangoni. Mfupi, viatu vinang'aa kuliko umri wake, anasema aliandika alama za wachezaji hotelini miaka thelathini na amewaona wakubwa wote wa snuka. Nani alimwona yeye akiwaona? Chai anatia vijiko vinne vya sukari ya klabu. Na malipo hataki. Hapo machale yakanicheza kabisa. Anayetaka malipo unajua anataka nini.

Na mafunzo yenyewe sasa. Nilidhani atamfundisha kutumbukiza mipira. Wapi. Alimwekea mpira mweupe mmoja, peke yake kwenye meza nzima, akamwambia aupige uende moja kwa moja mpaka ukingo wa mbali, urudi uguse ncha ya fimbo. Basi. Saa moja na nusu. Kesho yake vile vile. Wiki ya tatu vile vile.

"Huyu anakufundisha au anakuadhibu?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Mpira mmoja ukitii, Dada, na mingine itatii."

"Na haukutii."

Kweli haukumtii. Ulianza vizuri, ukifika katikati unavuta kushoto kidogo kidogo kama mbuzi aliyeona majani. Ukigonga ukingo unazidi kupotea, unarudi mbali na fimbo. Kocha ameinama, jicho usawa wa meza. "Bega limefunguka. Kidevu kiguse fimbo. Vuta nyuma taratibu, tulia, ndipo upige. Tena."

Niseme haki, mkono wa Sindano ulibadilika. Wiki ya sita fimbo ilikuwa inakwenda na kurudi kama cherehani iliyotiwa mafuta, na mpira ukigonga ukingo ulirudi umenyooka. Lakini kule kwenda, bado kushoto. Nami nikaanza kujiuliza, mkono umenyooka, mpira unapinda, nani kati yao ni mwongo?

Nikawakazia macho wote wawili. Nikiingia na ndoo, wananong'ona. Nikiweka ndoo chini, wamekauka. Siku moja nikamkuta Kocha amelaza kiganja juu ya kitambaa changu.

"Unatafuta nini hapo?"

"Nimeangusha chaki, Bibi."

Chaki ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, naiona. Na jioni ile ile nikamwona anakunywa chai na Mwalimu wa hesabu, wanacheka. Nikapiga hesabu zangu. Huyu katumwa. Anamchosha mdogo wangu kwa mpira mmoja, na meza kaifanya kitu, ili Mwalimu aingie timu kiulaini. Nikaenda dukani kwa Sindano.

"Kocha wako anaichezea meza."

"Kocha mwache, Dada."

"Mnanong'ona nini?"

"Mambo ya snuka tu."

Akaulamba uzi autunge kwenye sindano. Sindano ile ilikuwa imetungwa tayari. Nimemlea yule, nikajua ananidanganya, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba hata yeye wamemweka sawa.

Mechi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana nikajifanya nimekwenda sokoni, nikarudi kwa mlango wa stoo, nikasimama kati ya mafagio. Ukuta wa stoo ni mbao tupu.

"Ukipinda baada ya kugonga ukingo, kosa ni la mkono," Kocha alikuwa anasema. "Hilo tumelimaliza. Ukipinda kabla, ni kitambaa. Manyoya yamelazwa kinyume."

"Najua. Nilipapasa tangu wiki ya kwanza."

"Basi mwambie dada yako."

"Siwezi. Katibu anatafuta sababu amtoe alete kampuni ya usafi yenye mashine. Akisikia hili kaipata. Nimeshazoea kulenga kulia kidogo."

"Kwa meza ya namna hii utaipoteza nafasi, fundi."

"Nitaipoteza mwenyewe."

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Walipoondoka nikaingia ukumbini. Miezi mitano nyuma sakafu ilitengenezwa, mafundi wakaifungua meza na kuifunga upya. Mstari wa wachezaji wa kuanzia niliuona umehamia upande wa mlango. Nikasema mistari ni mambo ya wachezaji, dirisha langu halijahama. Na walibandika karatasi juu ya kabati la pasi, maandishi mekundu. Nikajua ni ya kukataza sigara, maana nyekundu siku zote ni ya kukataza. Nilikuwa na watu hamsini wa kunisomea, sikumpa hata mmoja raha hiyo.

Sasa nikaisoma, kidole kwenye kila herufi. MEZA IMEGEUZWA. PASI IANZIE MLANGONI.

Jumamosi alfajiri nikaipiga meza brashi na pasi kuanzia mlangoni, mara tatu. Sikumwambia mtu. Nikaona nimemaliza, Sindano atacheza kwenye meza safi, aibu yangu ibaki kwangu.

Saa nne wakaanza. Sindano akalenga mpira mwekundu, akapiga taratibu, akakosa kwa upana wa kidole. Wa pili akakosa. Wa tatu pia, na wote upande wa kulia. Mwalimu yeye hupiga kwa nguvu kama anafukuza mbwa, kwake meza zote ni moja. Akafika alama ishirini na sita, Sindano ana moja.

Nikaelewa kabla sijamaliza kukunja kitambaa cha vumbi. Mdogo wangu alikuwa analenga kulia kufidia kushoto ambako hakupo tena. Nimemharibia mara mbili.

Kocha akatazama meza, kisha akanitazama mimi. Sindano akalaza kiganja kwenye kitambaa, akafumba macho, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Alipoyafumbua alinitazama pia. Kisha akachukua chaki, akaanza kupaka fimbo yake. Alikuwa tayari kushindwa vile vile, kimya kimya, mbele ya watu wote.

"Katibu, simamisha," nikasema.

"Mama, tuko katikati ya mchezo."

"Ndiyo maana. Meza hii nimeipiga pasi kinyume tangu igeuzwe. Leo nimeipiga sawa na sikumwambia mtu. Huyu amejifunza kwenye kosa langu."

"Miezi mitano, Mama?"

"Mitano na siku nne. Andika."

Mwalimu akauliza alama zake zinakwenda wapi. Katibu akafikiri kwa haraka yake ile, akasema alama zibaki, ila kila mmoja apewe dakika tano za kuijua meza, kisha mipira irudishwe ilipokuwa. Mwalimu akapiga mipira huku na huku, hodari kweli. Sindano akaomba mpira mweupe mmoja. Watu wakacheka.

"Fundi, mechi imeanza, hiyo mingine unaiogopa?" mmoja akamtania.

Akaupiga. Ukaenda, ukapita katikati ya meza kama uliochorewa njia, ukagonga, ukarudi, ukagusa ncha ya fimbo. Tena. Tena. Mara ya sita hakuna aliyekuwa anacheka, na Kocha alikuwa amekaa chini kabisa, chai inapoa mkononi.

Ilichukua muda. Sindano hatumbukizi mingi kwa mkupuo, anatumbukiza miwili anakaa, mitatu anakaa, kama anashona vifungo. Mwalimu akaanza kuharakisha. Ukabaki mpira mweusi peke yake, wenye alama saba, na Mwalimu yuko mbele kwa nne. Mwalimu akaupiga kwa nguvu, ukagonga mdomo wa mfuko ukatoka. Sindano akaweka kidevu kwenye fimbo, akavuta nyuma, akatulia. Ukaingia bila kelele.

Jumatatu Katibu aliniita ofisini, akanisomea barua ya onyo. Nikamwambia kampuni yake ailete kama anataka, ila aiulize kwanza manyoya yanalala wapi, na mashine yake ijibu. Kampuni haijafika mpaka leo. Barua niliitia sahihi kwa herufi zangu zote, bila haraka, yeye anaangalia saa.

Kizibao cha nne Sindano alijishonea wiki iliyofuata. Utepe wa kupimia niliushika mimi, maana mtu hawezi kujipima mgongo.

"Ungeniambia," nikamwambia.

"Ungenisikiliza, Dada?"

Nikaukaza utepe akakohoa.

Kocha bado anakuja. Nilimbana mlangoni nikamuuliza, kama si malipo, anataka nini hapa. Akaniambia, "Bibi, miaka thelathini nimeandika alama za watu wengine. Nilitaka mtu mmoja ambaye nikiandika alama zake, nione na zangu zimo." Ni jibu zuri. Zuri mno. Bakuli la sukari nimelihamishia kwenye kabati la pasi, na ufunguo ninao mimi.