Ushauri wa Dada wa Simu

Kwenye mradi wa kuwatafutia vijana kazi walimwita Dada wa Simu. Miezi mitatu baada ya mafunzo aliwapigia wahitimu mmoja mmoja, kuuliza kama bado wako kazini. Akijibiwa ndiyo, anaweka tiki. Mkuu wake alizipenda tiki kama mtoto na peremende.

Siku moja alimpigia binti aliyesomea ufundi wa friji, yatima, mcheshi, mwepesi wa kushika kazi kuliko darasa zima. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga karakana alikopelekwa.

"Huyo tulimtoa siku ya kumi na moja," fundi mkuu akasema. "Alianguka kifafa karibu na mtungi wa gesi. Mbona hamkutuambia?"

Dada wa Simu alijua. Siku ya usaili binti alimweleza, naye akamnong'oneza, "Usiseme mdogo wangu, utakosa nafasi."

Mchana huohuo akafunga safari hadi chumba alichopanga binti. Binti akafungua mlango, ana kovu la nyuzi tano juu ya jicho.

"Nilinyamaza kama ulivyoniambia, dada," binti akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Wangejua, wasingeniweka kwenye mitungi. Walinimwagia maji wakakimbia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitajaribu. Ila mwingine usimwambie hivyo."

Kesho yake mkuu hakuinua hata macho. "Kazi alianza, hakuanza? Basi weka tiki."

Hakuweka. Aliandika kwamba binti hayupo kazini, na chini yake: *Nilimshauri afiche ugonjwa.*

"Unajichongea mwenyewe, unajua?"

"Najua, bosi."

Alipewa barua ya onyo. Lakini maandishi yale yalifika kwa wakubwa, na utaratibu ukabadilika: siku hizi kijana mwenye ugonjwa akiridhia, huketi na mwajiri na mtu wa mradi kuueleza kabla ya kuanza, na wiki ya kwanza hutembelewa kazini.

Fundi mkuu aliombwa mara mbili amrudishe binti. Alikataa katakata. Sasa binti anatengeneza feni, siku tatu kwa wiki, kwenye duka la mama mmoja anayeijua hali yake. Friji, alizozisomea mwaka mzima, bado hajazigusa.