Kilomita Kumi na Moja za Adhuhuri

Gari la mzee lilikuwa dogo, jeupe, na mimi nililijua kwa kuliosha tu. Kwa miaka sita nilimwendesha mkewe, madam, na wajukuu zao katika gari kubwa la familia, pale Malaz, Riyadh, lakini hilo dogo mzee aliliendesha mwenyewe. Kila adhuhuri, watu wakishalala kwa joto, alitoka nalo kununua mkate wa moto upande wa Al-Murabba, akarudi. Kwenda na kurudi ni kilomita kumi na moja. Kila oili iliyobadilishwa aliiandika katika daftari lililokaa ndani ya dashibodi.

Alipofariki, mwanawe aliniambia nilitafutie mnunuzi, nisilipeleke kwa madalali. Nikampata mtu wa Ruwais, Jeddah. Alikuwa mtu wa kukagua kupita kiasi, nami nilimpenda kwa hilo: kila asubuhi alitaka picha ya namba za kilomita mpaka siku nitakapomfikishia gari.

Siku ya nne namba zilikuwa zimepanda kwa kumi na moja.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Tena jana yake asubuhi, nikipangusa zulia, nilikisogeza kiti cha dereva mbele kabisa. Sasa kilikuwa nyuma kabisa, mkao wa mzee, aliyekuwa mrefu. Nywele zilinisimama, sioni haya kusema.

Mnunuzi alilalamika. Jioni ile mwana wa mzee akaja.

"Unalitumia gari la baba?"

"Wallahi sijaligusa, bosi." Ukisikia Mkristo anaapa wallahi, jua amebanwa.

"Likiongezeka hata kilomita moja, halas. Unarudi kwenu."

Nyumba ya mama yangu kule Kenya ilikuwa imefika kwenye lenta. Bila kazi ile, isingeezekwa.

Kesho yake, saa nane mchana, nilikwenda kulitazama. Lilikuwa bandani, kivulini, lakini boneti iliniunguza kiganja. Kumi na moja tena. Safari hii kiti kilikuwa mbele. Niliomba kwa sauti, nikaona hata sauti yangu inaniogopesha.

Asubuhi iliyofuata sikutuma picha. Nilisingizia simu mbovu, na adhuhuri nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Mtaa ulikuwa mtupu, jua kali, hakuna hata paka. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka madam, amevaa nyeusi kuanzia juu hadi chini. Alikuwa amekaa eda, ule muda wa mjane kutotoka nyumbani. Tangu mazishi sikuwa nimeuona mguu wake ukivuka kizingiti. Akafungua geti mwenyewe, akatoka na gari polepole, akirudi nyuma vizuri kuliko mimi.

Baada ya nusu saa alirudi na mkate. Nikatoka nilikojificha.

"Alinifundisha marehemu," alisema. "Ufunguo wa akiba ulikuwa katika kanzu yake."

"Madam, bosi atanifukuza."

"Najua. Na mimi, akijua nimetoka nje nikiwa kwenye eda, hatanitazama usoni tena." Akaukata mkate, akanipa nusu.

Nilikuwa na hasira, na bado nilimhurumia. "Lakini mara tatu, madam?"

"Mara mbili. Jana na leo." Akanitazama kwa mshangao. "Siku ile ya kwanza nilikuwa juu, nikalisikia likitoka saa yake ile ile. Nikasema ni wewe, unamkumbuka. Ndipo nikapata moyo."

Mkate ulikuwa wa moto mkononi mwangu, lakini mgongo wote uliingia baridi. Sikumwambia kwamba siku ile, saa ile, nilikuwa nimempeleka mjukuu wake kwa daktari wa meno, na ufunguo ninao.

Jioni mwanawe alikuja, akazisoma namba. Madam alisimama dirishani juu, hasogei.

"Ni mimi, bosi," nikasema.

"Safari zote tatu?"

"Zote tatu."

Alinipa kazi ya mwisho: kulifikisha gari Jeddah, kisha nipande ndege hapo hapo. Nilikirudisha kiti nyuma kabisa, mkao wa mzee, na njia nzima sikukigusa. Niliendesha nimejinyoosha, vidole vya mguu vikitafuta pedali.

Mtu wa Ruwais alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akalinganisha namba, akaniuliza zile kilomita thelathini na tatu za kabla ya safari ni za nani. Nikamjibu ni zangu. Ishirini na mbili najua nilimfichia nani. Zile kumi na moja za kwanza sijui mpaka leo.