Zabibu za Kaburini kwa Babu

Nilipokuwa mtoto kule Chonyonyo, tunda nililoliogopa ni moja tu: zabibu. Mzabibu wetu aliupanda babu mwenyewe kibanjani, shambani pale nyumbani, na alipofariki tukamzika hapo hapo kati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu. Haukupita muda, mzabibu ukatambaa mpaka ukafunika kaburi lake. Bibi akatukataza. "Kilichoota juu ya marehemu ni chake. Atakayekula ataitwa." Basi tulipita mbali, na ndege waliozidonoa tuliwaonea huruma.

Kisha mdogo wangu Koku akaugua malaria. Dawa alimaliza na homa ikashuka, lakini chakula kikamshinda. Matoke alitema, uji alitema, akabaki mifupa na macho. Alasiri moja nikamkuta ameketi kaburini, midomo na vidole vyote vya rangi ya zambarau.

"Tamu," akaniambia.

Nilipiga yowe mpaka koo likaniuma. Kwangu mimi Koku alikuwa ameshakufa.

Bibi alikuja mbio, jembe mkononi. Nilitegemea fimbo. Akamtazama Koku, akalitazama kaburi, akachuma kishada kizima.

"Waitu," akasema, maana ndivyo alivyomwita babu enzi za uhai wake, "kama unaita, anza na mimi. Mtoto niachie."

Akala zote, machozi yakimtoka. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa vile.

Kesho yake Koku aliomba uji. Bibi alifariki kabla kahawa ya msimu ule haijaiva shambani.

Leo najua mengi. Muuguzi wa kliniki alinieleza kuwa zabibu tamu zina maji mengi, sukari inayorudisha nguvu upesi, na vitamini, na kwamba mgonjwa aliyekosa hamu anaweza kuanzia hapo. Malaria ilitibiwa na dawa. Zabibu zilimfungulia Koku mdomo. Najua pia kwamba bibi alikuwa mzee, na moyo wake ulimsumbua tangu zamani. Koku mwenyewe, mama wa watoto watatu sasa, hunicheka nikilianzisha jambo hili.

Wanangu nawanunulia zabibu sokoni Kayanga. Naziosha vizuri, nawaambia wale na maganda yake, yana faida. Ila punje ya kwanza naila mimi, kabla mtoto yeyote hajagusa bakuli.