Kiboko Aliyekosa Baba

Leo kiboko wetu amekosa baba mchana kweupe.

Mnajua ile bustani ya michezo ya watoto tunayojenga karibu na Dunga. Slaidi yake kubwa ni kiboko: mtoto anapanda mgongoni, anateleza, anatokea mdomoni.

Wazo ni langu na michoro ni yangu. Lakini cheo changu ni "msaidizi wa michoro", kwa hivyo wageni wakija, mbunifu mkuu wetu husema "kiboko wangu", na mimi nanyamaza.

Leo tukaalika watoto wa majirani waje kuijaribu.

Msichana wa kwanza akafika mbele ya lile domo, akapiga nduru, akakataa kabisa.

Mama yake akatugeukia. "Nani alichora hii kitu? Macho yanaangalia mtoto kama inataka kumla!"

Mbunifu mkuu akakohoa. "Hiyo ni kazi ya timu, Mama."

Fundi wa umeme akasema yeye ni wa taa tu. Wa rangi akasema alipaka vile aliambiwa.

Na mimi ndiye nimekuwa nikililia moyoni jina langu litajwe. Ungekuwa wewe, ungeinua mkono?

Niliinua.

"Ni mimi, Mama."

Akanivuta. "Chuchumaa hapa uone vile mtoto anaona."

Nikachuchumaa. Yawa, hata mimi niliogopa. Kesho nayabadilisha yale macho.

Mbunifu mkuu alikuwa ameenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Wakiondoka, yule mama akanipungia mkono kutoka getini.

"Haya, Mama Kiboko. Tutarudi kuangalia hayo macho."